Kipepeo wa Ishirini

Siku ile uani kwetu tulikuwapo mimi. Mdogo wangu Eliamani, mwenye miaka tisa na majibu ya mtu wa arobaini. Mdogo wetu wa mwisho Ndeshi, aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Baba Mdogo Zakaria, na fimbo yake na kamba ya katani. Bibi Naishiye, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Mwanamke wa Kizungu ambaye mlima mzima ulimwita Bibi Chandarua. Mpishi wake Yusufu, mtu wa Tanga, amebeba mablanketi mawili kichwani. Na kuku mmoja. Kuku simtaji kwa mzaha. Kati ya wote hao ndiye pekee ambaye siku ile hakudanganya wala hakudanganyika.

Nawataja wote kwa sababu tumebaki wawili, mimi na Ndeshi. Mwezi uliopita tulimzika Eliamani, na wageni walipotawanyika wanawe wakaniomba nifungue sanduku lake la bati, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Kilichotoka kwanza ni harufu. Ninyi wa rika langu mnaijua: vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, vinavyokwaruza pua na kumkumbusha mtu kila harusi aliyokwenda na nguo ya kuazima. Chini kabisa palikuwa na blanketi jekundu lenye mistari miwili myeusi, limeliwa pembeni. Wanawe wakauliza kwa nini baba yao alitunza tambara. Nikaketi kitandani nikacheka peke yangu, mpaka mkewe akaniletea maji akidhani msiba umenipanda kichwani.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa kwenye mteremko wa Meru, juu ya Tengeru, nyumba yetu katikati ya migomba na kahawa. Baba alitangulia, Mama akamfuata mwaka uliofuata, na mimi nikatoka shule nikiwa darasa la pili, nikijua kusoma, kuandika, na kujumlisha hesabu zisizobeba. Mama alikuwa ameniambia neno moja tu la maana kitandani: wadogo zako wasitawanyike. Sikuuliza nitafanyaje. Mtoto wa miaka kumi na tatu haulizi hivyo, anaitikia tu, halafu anabaki na alichoitikia.

Baba Mdogo Zakaria alikuwa na watoto wanane wake mwenyewe na paa lililovuja. Alitupenda, lakini alitupenda kwa mipango. Kila alipoanza kwa kusema, "Mimi si mtu mbaya," tulijua kuna mpango.

"Mimi si mtu mbaya," akasema baada ya mavuno ya mahindi. "Huyu mdogo ataenda kwa shangazi yenu Ngaramtoni. Eliamani atachunga mbuzi za shemeji yangu kule tambarare. Na wewe kuna mfanyabiashara mjini, Daraja Mbili, anatafuta yaya."

"Sisi tuko vizuri hapa, Baba Mdogo. Tunakula, tunalala."

"Mnalala watatu chini ya blanketi moja. Huko si kulala, hiyo ni mieleka."

Hapo hakukosea. Aliyekaa katikati alipata joto, wa pembeni walipata mateke. Nikamwambia atupe muda. Akatazama mlima, akatazama paa letu, ambalo halikuvuja, na nadhani hilo lilimlainisha.

"Nawapa mpaka baridi ianze. Nikija nikakuta kila mtu ana blanketi lake, sitasema neno. Nikikuta ni hili moja, nawagawa asubuhi hiyo hiyo."

Blanketi. Ningeambiwa nilete simba ningejua angalau pa kuanzia.

Ndipo Bibi Chandarua alipokuja. Alikuwa mgeni katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja juu yetu, mama mwembamba wa miaka ya makamo, amevaa suruali, na mkononi ana mti mrefu wenye mfuko wa wavu mweupe kama chandarua cha mtoto. Kutwa nzima alikimbia mashambani akifukuza vipepeo. Watu walisimama na majembe yao kumtazama, maana tulikuwa tumeona Wazungu wakifukuza nyati, tumewaona wakifukuza watu, lakini wadudu ilikuwa mara ya kwanza.

Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Baba Mdogo alisema ni serikali. "Walianza kwa kuhesabu nyumba, kodi ikaja. Wakahesabu ng'ombe, wakawapunguza. Sasa wanahesabu vipepeo. Mtaona kitakachofuata." Mimi nilikuwa na maelezo bora zaidi, na nilikuwa na ushahidi. Ilikuwa imetangazwa kwamba anayeleta vipepeo atapewa sabuni au chumvi, na kwamba avipeleke kwa mpishi, mlango wa jikoni. Sasa mtu anayepelekewa kitu jikoni kwake, anakifanyia nini? Bibi Chandarua alikuwa anawala.

Nilikamata kumi na wawili, wa rangi ya chungwa, wale wenye ncha nyeusi za mabawa na utepe mweupe, kwa kuwa ndio wengi na ndio wavivu. Nikawaosha mferejini, maji mawili. Nikawapanga juu ya jani la mgomba, nikawanyunyizia chumvi kidogo, nikafunga vizuri.

Yusufu alifungua jani, akatazama, kisha akanitazama mimi. Yeye alisema Kiswahili cha pwani, kirefu na chenye mapambo, na sisi wa Kimeru tulikifuata kwa mbali kama mtu anayefuata mzigo kwenye mteremko.

"Binti, hawa umewapika?"

"Hapana, Mzee. Nimewaosha tu. Chumvi ni kidogo."

Rangi yote ilikuwa imebaki mferejini. Kilichokuwa kwenye jani kilifanana na maganda ya vitunguu. Yusufu akaingia ndani na jani, na baada ya kitambo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Mzungu: alikuwa anacheka, kicheko cha kukohoa. Bibi Chandarua akatoka, akaketi ngazini, akavua miwani akajifuta macho. Akanionyesha jinsi ya kumbana kipepeo kifuani kwa vidole viwili, taratibu, na jinsi ya kukunja kipande cha gazeti pembetatu ili mabawa yasiguswe. Halafu akaniuliza kupitia kwa Yusufu nilitaka nini, chumvi au sabuni.

"Mablanketi mawili," nikasema.

Yusufu alikataa kutafsiri. Nikasimama pale pale. Nilisimama mpaka kivuli cha bomba la moshi kikatoka kwenye miguu yangu kikaenda ukutani. Mwishowe Bibi akauliza mtoto huyu anangoja nini, na Yusufu akalazimika. Wakaongea sana. Bibi akaingia ndani, akatoka na sanduku la kioo lililonuka vile vidonge vyeupe, akanionyesha kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa. Akaeleza kwa muda wa kutosha kuchemsha maharage, akipiga kioo kwa kidole hapa na pale.

Yusufu akasikiliza yote, akanigeukia. "Bibi anasema mablanketi mawili utapata ukileta ishirini. Lakini hawataki wale. Anataka wanaofanana na wale."

"Wanafananaje?"

"Wanafanana kabisa."

"Sasa nitawajuaje?"

"Kwa kuwa siyo wao," akasema Yusufu, akafunga mlango kwa sababu mkate ulikuwa unaungua.

Nilipeleka arobaini. Bibi Chandarua akawageuza mmoja mmoja, akasema "hapana" mara thelathini na tisa, na "ndiyo" mara moja. Hayo mawili yalikuwa nusu ya Kiswahili chake chote. Mimi na Eliamani tulimtazama yule wa ndiyo, tukawatazama wa hapana, na naapa hadi leo walikuwa watoto wa tumbo moja. Eliamani alisema ni mchezo wa dukani: anakataa mali ili tuchoke, tuwauze kwa sabuni. Baridi ilikuwa imebakiza wiki chache.

Tukiwa tunagombana hivyo kando ya mfereji, Bibi Naishiye alitusikia. Alikuwa bibi mwenye mdomo mkali na mifugo michache, na katika mifugo hiyo kulikuwa na kuku kishingo, yule mwenye shingo isiyo na manyoya, aliyetembea kama ameitwa mahali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hao vipepeo mnaogombania hata kuku wangu hawataki. Anamkamata, anamtema, anafuta mdomo chini kama mlokole aliyeonjeshwa pombe."

"Wote anawatema?"

"Karibu wote. Mara moja moja namwona anameza mmoja mzima, nikadhani ni usahaulifu. Naye anazeeka."

Eliamani alinitazama. Kabla sijamzuia alikuwa amechukua mmoja kwenye pembetatu, akamtia kinywani na kumuuma. Uso wake ulikunjika kutoka kidevuni kwenda juu. Alitema, akanywa maji ya mfereji, akatema tena.

"Huyu ni mchungu," alisema alipoweza.

"Jaribu na mwingine."

"Jaribu wewe. Si ndiye mkubwa?"

Basi tukamwazima kuku. Bibi Naishiye alitupa masharti: mayai yote atakayotaga kwetu ni yake, na akirudi amekonda atatuuliza. Tulimweka uani, tukawa tunamletea vipepeo wabichi kutoka shambani. Wa kwanza alimdonoa, akamtupa, akafuta mdomo. Wa pili vivyo hivyo. Tisa walitemwa. Wa kumi akampiga mdomo mara mbili, akayang'oa mabawa, akameza, akatutazama kuona kama kuna mwingine.

Tulipiga makofi. Tuliruka. Halafu makofi yakaisha.

"Tumempata," alisema Eliamani.

"Yuko wapi?" akauliza Ndeshi.

Tukamtazama kuku. Ndiyo shida ya shahidi wa aina hiyo: hawezi kukuhakikishia mali bila kuila. Hata hivyo hatukuwa na mwingine, tukaendelea siku tatu. Kuku alimeza wanne na akaanza kunenepa. Mimi nilikuwa nikikaa mlangoni nikijumlisha, na hesabu yangu ilikuwa kwamba tumepata wanne, wote tumboni, na kwamba kwa mwendo huo Ngaramtoni hapako mbali.

Aliyetuokoa ni Ndeshi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chini na kuchafuka. Kuku hakula mabawa. Yeye aliyaokota akayapanga juu ya jani la mgomba akicheza duka, na aliokota pia wale waliotemwa, akawapanga upande wa pili.

"Dada," aliniita kupitia pengo lake. "Hawa wa kuku wana jicho moja."

Nilienda kuangalia kwa sababu nilikuwa nimechoka kujumlisha. Wale waliotemwa, katikati ya bawa la nyuma walikuwa na nukta nyeusi tatu au nne, kama mbegu za pilipili manga zilizomwagika. Walioliwa walikuwa na nukta moja tu, juu kabisa, ukingoni, pale ambapo bawa la mbele hulifunika la nyuma. Ukimtazama amekaa huioni mpaka uinue bawa. Na ukingo wa bawa ulikuwa na mawimbi kidogo, kama pindo lililoshonwa na mtu mwenye haraka.

Baada ya hapo macho yetu yalifunguka. Tulijifunza kwamba wale wa kawaida huzaliana kwenye yale magugu yanayotoa maziwa, na wa nukta moja hupenda majani mafupi manene kando ya mfereji. Tulijifunza kwamba wote wawili huruka polepole, kama mzee wa kanisa anayetembea kutoka ibadani, lakini wa kawaida ndivyo alivyo, na yule mwingine anaiga tu: ukimshtua anasahau kuiga, anakimbia mbio kama mwizi. Tulijifunza pia jambo ambalo baadaye lilitufedhehesha. Wa nukta moja ukimbana kifuani anakufa papo hapo. Yule mchungu ukimbana analala, unamhurumia, na baada ya muda anaamka anaondoka zake.

Tulipopeleka watano wa kwanza, Bibi Chandarua alisema "ndiyo" mara tano mfululizo, akanishika bega, akaturudishia tuwatunze mpaka watimie ishirini. Akatoa na kipepeo mwingine kabisa, mweusi, mwenye miezi myeupe iliyozungukwa na zambarau, na Yusufu akatuambia huyo ndiye mume wa yule wa nukta moja. Tulirudi nyumbani tukimcheka Yusufu. Tulipomsimulia Bibi Naishiye, yeye hakucheka.

"Mume na mke wasiofanana hata kwa rangi? Hilo naliamini. Ningewaonyesha wangu, kama angekuwa hai."

Baridi ilishuka kutoka mlimani mapema mwaka ule, na ukungu ukakaa kwenye migomba hadi saa nne, na vipepeo wakaadimika. Tulikuwa na kumi na tisa. Siku nne tulitafuta mmoja tukakosa. Siku ya tano jioni Yusufu alipita akasema Bibi anasafiri keshokutwa, kwa hiyo kesho atateremka mwenyewe kuchukua mali yake. Na kesho hiyo hiyo ndiyo Baba Mdogo alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja.

Jioni ile nilihesabu pembetatu: kumi na tisa. Nikapiga magoti. Sikuomba vingi, nilimwambia Mungu kwamba yeye aliyewahi kuongeza mikate hashindwi na kipepeo mmoja. Asubuhi nikahesabu tena: ishirini. Nilihesabu mara tatu. Nikawaita wadogo zangu, tukasimama kwa mstari, nikamshukuru Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka mferejini. Ndeshi alisema Amina. Eliamani alisema Amina kwa sauti kuliko wote, na mimi nikafurahi kwamba mtoto ameshika imani.

Baba Mdogo alifika kwanza, na kamba ya kufungia mizigo yetu.

"Mimi si mtu mbaya," akaanza.

"Baba Mdogo, mablanketi yanakuja leo."

"Yanakuja yenyewe? Yana miguu?"

Na kweli yakaja, mekundu, na miguu ya Yusufu chini yake. Nyuma yake Bibi Chandarua na sanduku lake. Bibi Naishiye naye alikuwa amevuka mfereji kumfuata kuku wake, akamkuta mnene, akamkumbatia kwapani, akaona kuna watu, akabaki.

Bibi Chandarua aliketi kwenye kigoda, akatoa kioo chake cha kukuzia, akaanza kufungua pembetatu. Aliinua bawa kwa sindano, akatazama ile nukta. "Ndiyo." Baba Mdogo alisimama nyuma yake akihesabu kwa sauti, na kwa kila ndiyo niliiona kamba ikilegea mkononi mwake. Ndiyo kumi. Ndiyo kumi na tano. Ndiyo kumi na tisa.

Pembetatu ya ishirini ilikwaruza.

Wote tuliisikia. Karatasi ilicheza kidogo kwenye goti la Bibi, ikatulia, ikacheza tena. Akaifungua, na kipepeo akatoka kwa miguu yake, akapepesuka, akaruka hewani.

"Amefufuka," akasema Ndeshi.

Nilikuwa tayari kuamini. Kipepeo alizunguka juu yetu mara moja, akatua kwenye kofia ya Baba Mdogo, naye akasimama wima kama mtu anayepimwa suti. Bibi Chandarua akasogea na kioo, akatazama, akatazama tena karibu zaidi.

"Hapana," akasema.

Sasa hapo Baba Mdogo, aliyekuja kutugawa, alihamia upande wetu mzima mzima. "Hapana nini? Kumi na tisa maiti amekubali, huyu mzima anamkataa? Yusufu, mwambie aliye hai ni bora kuliko aliyekufa."

"Bwana," akasema Yusufu, "mimi ni mpishi. Hata kwangu aliyekufa ni bora."

"Wanatudhulumu. Nilisema tangu mwanzo."

"Mnabishana nini na hakimu yupo?" akasema Bibi Naishiye, akamwachia kuku.

Baba Mdogo alikuwa ametikisa kichwa kwa hasira, na kipepeo akaanguka. Kuku hakuwa na haraka. Alimwendea, akamwangalia kwa jicho moja, akageuza kichwa akamwangalia kwa la pili, akamdonoa. Akasimama naye mdomoni. Akamtema. Akafuta mdomo chini, kulia, kushoto, kulia tena.

"Mahakama imekwisha," akasema Yusufu.

Bibi Chandarua alimwokota yule mtemwa, akamwinua kuelekea juani. Katikati ya mabawa yake ya nyuma palikuwa na vidirisha, na kupitia vidirisha hivyo niliona anga. Mtu alikuwa amezisugua nukta kwa kidole chenye mate mpaka zikatoka, na akaiacha moja tu, ile ya juu. Nilimtazama Eliamani. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa na vumbi la rangi ya chungwa.

"Eliamani."

"Naam, Dada."

"Nimemshukuru Mungu asubuhi mbele yako."

"Nilisikia."

"Ukasema Amina."

Alitazama miguu yake. "Niliona Mungu amechelewa, Dada. Na Baba Mdogo huwa hachelewi."

Nitasema ukweli, nilitaka kumchapa, na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nilifanya jambo la tatu. Nilichukua blanketi moja kutoka kwa Yusufu nikalikumbatia, na la pili nikalisukuma kumrudishia. Nilisema tumeahidi ishirini, tumeleta kumi na tisa, kwa hiyo moja ni letu na la pili bado. Nilipokuwa nikisema nilikuwa najua maana yake. Mablanketi mawili, watoto watatu. Nilimwona Ndeshi akiitazama kamba.

Yusufu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitafsiri kila neno, na alipofika kwa Mungu aliyechelewa sauti yake ilikatika. Bibi Chandarua alivua miwani. Alicheka kile kicheko chake cha kukohoa mpaka Bibi Naishiye akampigapiga mgongoni kama anayempiga mtoto aliyepaliwa. Halafu akasema maneno machache.

"Anasema chukueni yote mawili," akasema Yusufu. "Kipepeo mmoja mnadaiwa. Atakaporudi mtampa. Anasema asiwe wa kutengenezwa."

Yule wa kutengenezwa alimwomba, tukampa bure. Akamlaza sandukuni peke yake, akamwandikia karatasi ndogo. Naamini mpaka leo yuko huko Ulaya chini ya kioo, na vidirisha vyake, na kwamba kuna msomi aliyepoteza usingizi kwa ajili yake.

Baba Mdogo alitazama kamba mkononi mwake. Kisha akaingia ndani ya nyumba yetu, akaifunga ile kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akasema mablanketi mapya yasikunjwe chini, yanashika unyevu. Hakuzungumza tena habari ya Ngaramtoni. Alipofika mlangoni alivua kofia, akaikagua ndani na nje kabla ya kuivaa. Usiku ule tulilala watatu kwa mablanketi matatu, na Ndeshi alilia kwa sababu baridi ya kulala peke yake hakuizoea.

Mvua zilizofuata nilikuwa nimekamata watatu wa nukta moja, ili achague. Bibi Chandarua hakurudi. Kule shambani waliniambia amekwenda kwao kabisa, na Yusufu naye amerudi Tanga, na mpishi mpya hakutaka kusikia habari za wadudu. Niliwaweka watatu wale kwenye kopo, sisimizi wakawala. Kwa hiyo deni lilibaki, na lilikaa kwetu kama ndugu wa nne. Tukiwa watu wazima, mmoja wetu alipoitwa kwenye harusi au kikao, mwingine aliuliza njiani, "Umemwona?" na jibu lilikuwa, "Bado mmoja." Eliamani alifanya maisha yake yote kazi ya kukagua kahawa za watu kwenye chama cha ushirika, na hakuna mkulima aliyeweza kumchanganyia mbovu na nzuri. Walimwuliza alijifunza wapi. Aliwaambia kwa kuku.

Na mwezi uliopita, makaburini, mchungaji akiwa katikati ya sala ya mwisho, kipepeo wa rangi ya chungwa alikuja akatua kwenye mashada. Mimi na Ndeshi tulikuwa tumesimama mbele, vikongwe wawili wenye vitambaa vyeusi kichwani. Nilimwona Ndeshi anafungua jicho moja. Mimi nilikuwa nimefungua yote mawili.

"Dada," akanong'ona. "Nukta ngapi?"

Niliinama kama ninayepanga maua. Kipepeo akafungua mabawa, akayafunga, akayafungua tena kabisa.

"Moja."

"Mshike basi."

Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na mchungaji alikuwa bado anawaombea wafiwa wote, wa karibu na wa mbali, na walio safarini, na waliozuiwa na mvua. Nilisubiri Amina na mkono wangu umetangulia kidogo. Amina ilipofika, kipepeo alishtuka, akasahau kuiga, akakimbia mbio kuvuka mfereji.

Ndeshi alimfuata kwa macho mpaka kwenye migomba.

"Eliamani angekwisha kutengeneza mwingine," akasema.

Bado mmoja.